Leseni kwa Jina la Mwamini

Ndugu zangu wa Kibiti, na ninyi wa Bungu na Salale ambao habari hii itawafikia, nisikilizeni kabla hamjasema kwamba mambo ya mashine za gemu ni ya watu wa Dar. Haya hayakutokea Dar. Yalitokea hapa hapa Kibiti, hatua chache kutoka barabara kuu, mwaka ule daraja la mto lilipokuwa bado jipya na mabasi ya kusini yakaanza kupita hata wakati wa masika. Aliyepatwa ni Mwamini, mke wa Fundi Sadala, na sioni aibu kukiri kwamba kila nikiikumbuka habari yake hasira hunipanda upya.

Mwamini alikuwa na banda la gemu. Msicheke. Lilikuwa banda safi kuliko hoteli nyingi za barabarani: kuta za mbao, sakafu ya saruji, televisheni mbili, mashine mbili za gemu za mtumba kutoka Dubai, mabenchi manne, na jenereta nyuma ya ukuta. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, alipenda kukaa mlangoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi, akifuta pedi za kuchezea moja moja kwa kitambaa, huku binti yake Nusaiba, aliyekuwa kidato cha pili, akifagia mbele ya banda kabla ya kwenda shule. Masharti aliyaandika ukutani kwa mkono wake: mwenye sare ya shule haingii, matusi hapana, na adhana ikisikika jenereta inazimwa. Vijana wale wale waliokuwa wakibishana na askari wa barabarani mchana kutwa, kwa Mwamini waliingia wakiwa wamevua kofia.

Kando ya masharti hayo ilining'inia leseni ndani ya fremu ya kioo, na juu yake jina la Mwamini. Kwa miaka mingi alikuwa karani katika chama cha ushirika cha korosho, mpaka wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukafa. Huko ushirika ndiko alikojifunza kuiheshimu karatasi. Leseni ile aliifuata mwenyewe Utete, safari mbili, akivuka mto kwa kivuko kwenda na kurudi, maana daraja liko barabara ya kusini, si njia ya Utete, kwa sababu mumewe hakuwa mtu wa ofisi.

"Mimi ni mtu wa mikono," Sadala alizoea kusema. "Nipe redio iliyozama mtoni nitaifufua. Fomu usinipe."

Na kweli alikuwa na mikono, simnyimi sifa yake. Karakana yake ya redio ilikuwa chumba cha pembeni ya banda, na watu walimletea vyombo kutoka Mchukwi, kutoka Bungu, mpaka kutoka visiwa vya delta. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu. Akishajua kitu kinavyofanya kazi, aliamini hakuna tena cha kujua juu yake.

Siku moja alirudi kutoka Kariakoo na kifurushi kidogo, akatandika gazeti juu ya mkeka, akaifungua mashine moja ya gemu palepale sebuleni. Katika kiganja chake kulikuwa na kitu cheusi chenye vimiguu, kidogo kama ukucha.

"Nini hicho?" Mwamini akauliza.

"Chipu. Nikiichomea humu, mashine itasoma sidii yoyote. Ya kunakili, ya Ulaya, ya Ujapani, hata gemu zilizotengenezwa na watu vyumbani mwao. Kiwandani wameweka kufuli, mimi nalitoa."

"Waliliweka la nini?"

"Ili sisi tununue sidii zao."

"Na sheria inasemaje kuhusu kulitoa?"

Sadala akacheka. "Mashine hii ya nani, Mama Nusaiba?"

"Yetu."

"Tuliiba?"

"Hatukuiba."

"Basi. Mtu akifungua redio yake, nani anamuuliza?"

"Baba Nusaiba, mimi nimekuuliza sheria. Wewe unanijibu redio."

Sadala alikuwa ameshainamia kazi yake, moshi wa risasi ya kuchomelea ukipanda mbele ya pua. Na mimi sisemi kwamba hoja yake ilikuwa ya kijinga. Sidii orijino zilikuwa shida kupatikana, zilichubuka upesi, na mtu aliyenunua chombo chake kwa jasho ana haki ya kuuliza kwa nini afungiwe nusu yake. Kuuliza! Ndilo jambo ambalo Sadala hakutaka kulifanya.

Lingeishia kwenye mashine zile mbili, pengine nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini habari za fundi anayetia chipu zilienea. Wenye mabanda ya Bungu wakaja, wa Ikwiriri wakaja. Kisha wateja wakaanza kusema: umetufungulia mashine, sasa tutapata wapi hizo sidii? Sadala akanunua kompyuta ya mtumba, akaanza kunakili sidii na kuziuza kwa maboksi. Na kwa kuwa jina lililojulikana barabara nzima lilikuwa la banda na si la karakana, akaenda kuchapisha lebo nzuri za rangi ya kijani: GEMU KWA MWAMINI, KIBITI. Akazibandika kwenye kila sidii. Alidhani anamheshimu mkewe.

Mwamini alipoiona lebo ile alikaa chini.

"Umeandika jina langu."

"Zuri, si zuri?"

"Sadala, umeandika jina langu kwenye kitu ambacho hata hatujui kama kinaruhusiwa!"

"Kinaruhusiwa. Kariakoo nzima wanauza."

"Kariakoo wanauza na bangi."

Mchana ule alitoa karatasi, akaandika barua kwa afisa biashara kule Utete, kama alivyozoea kuandika enzi za ushirika, yenye mistari iliyonyooka na tarehe juu. Aliuliza mambo matatu. Je, mwenye banda anaruhusiwa kuchezesha gemu kwa malipo? Je, fundi anaruhusiwa kufungua mashine na kuitia chipu? Je, anaruhusiwa kunakili sidii na kuziuza? Mwisho akaomba kwamba, kama ofisi hiyo haihusiki, imwelekeze kwa inayohusika.

Bahati mbaya, wiki ile Sadala alikuwa ameitwa Utete kutengeneza redio ya upepo ya mawasiliano. Akaichukua barua. Jioni ya pili akarudi, akavua viatu, akaomba maji ya kunywa.

"Barua?" Mwamini akauliza.

"Wamesema hakuna tatizo."

"Wamesema nani?"

"Wale wa ofisini."

"Ana jina huyo aliyesema?"

"Mwenzangu, nimechoka na safari. Afisa. Mnene hivi."

"Na majibu ya maandishi?"

"Yatakuja. Ofisi za serikali unazijua."

Mwamini alikuwa anazijua, na kwa sababu alikuwa anazijua, alisubiri. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kila alipouliza, Sadala alimjibu kwa uchovu uleule, kama mtu anayesumbuliwa na mtoto. Mwisho mama wa watu akaacha kuuliza. Hapo, ndugu zangu, nami namlaumu kidogo. Alijua njia ya Utete. Alishaipita mara mbili kwa leseni. Lakini banda lilikuwa limejaa kuliko wakati wowote, mabenchi yalikuwa yameongezwa, na neno "hakuna tatizo" ni tamu kwa mtu mwenye kazi nyingi.

Sasa kulikuwa na bwana mmoja wa Salale, Huseni, mnunuzi wa kamba. Huyu alikuwa mtu mpole asiye na makuu. Vijana wanaomvulia kamba walikuwa wakikaa bila la kufanya maji yanapokuwa mabaya, naye akaona awaletee burudani. Alinunua mashine ya gemu na televisheni, akaipakia mashine kwenye boti mpaka Nyamisati, kutoka hapo akapanda gari mpaka kwa Fundi Sadala.

"Fundi, nimeambiwa bila chipu hii haifai."

"Acha hapa. Kesho unaondoka nayo."

"Haina matatizo?"

"Matatizo gani? Mashine si yako?"

Huseni akaondoka na mashine yenye chipu na boksi la sidii zenye lebo ya kijani. Mwezi uliofuata akaja kuongeza boksi jingine, akaiacha mashine karakana ifanyiwe matengenezo, na njiani kurudi akasimama Bungu kununua mchele. Siku hiyo Bungu kulikuwa na ukaguzi. Maofisa wa hakimiliki walikuwa wametoka Dar na askari, wakipekua mizigo ya wauza kanda na sidii kando ya barabara. Wakafungua boksi la Huseni. Masikini, hakukimbia wala hakusema uongo. Walipomuuliza amezitoa wapi, aliwaonyesha lebo, maana ilikuwa imeandikwa.

Gari lilisimama mbele ya banda la Mwamini saa nne asubuhi. Huseni alikuwa amekaa nyuma, boksi mapajani. Akashuka ofisa mmoja mwembamba aliyejitambulisha kwa jina la Ismaily, akatoa salamu vizuri, akaomba kumwona mwenye banda.

"Ni mimi," Mwamini akasema. Alinyoosha mkono ukutani, akaiangua fremu, akampa. "Leseni yangu hiyo."

Ismaily akaisoma mpaka mwisho. "Hii ni ya kuchezesha, mama. Haina neno. Mimi nimekuja kwa ajili ya hizi." Akamwonyesha sidii yenye lebo ya kijani. "Na kwa ajili ya chipu zinazouzwa hapa."

"Tuliuliza," Mwamini akasema. "Niliandika barua kwa afisa biashara. Tulijibiwa hakuna tatizo."

"Alijibu nani?"

Mwamini akamgeukia mumewe, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa karakana na bisibisi mkononi. "Baba Nusaiba, waeleze. Ni nani yule?"

Sadala akakohoa. "Ofisa mmoja... ni siku nyingi."

"Uliipeleka ofisi gani?" Ismaily akauliza. "Aliyeipokea aligonga muhuri? Una nakala?"

"Muhuri... nadhani..."

"Sadala," Mwamini akasema polepole. "Barua yangu iko wapi?"

Watu walikuwa wameshajaa. Makonda, wauza machungwa, vijana wa mabenchi. Sadala akaweka bisibisi chini.

"Sikuifikisha," akasema.

"Iko wapi?"

"Niliitupa mtoni. Nikiwa kwenye kivuko."

"Ulikuwa unaelekea ofisini, ukaitupa?"

"Niliogopa watasema hapana."

Mwamini alimkazia macho. Kwa wiki nyingi alikuwa akimuuliza mtu huyu, naye akimjibu akiwa amejilaza, mikono kichwani. Alimfikiria akiwa ameegemea ukingo wa kivuko, akiiachia barua yenye mistari iliyonyooka, kisha akiingia Utete kula wali na kutengeneza redio ya watu. Alitaka kumpiga na fremu. Badala yake akasema, kwa sauti ambayo Sadala hakuwahi kuisikia, "Kama walikuwa waseme hapana, si ndiyo nilitaka kujua?"

Askari walikusanya vitu. Kompyuta, chipu, maboksi ya sidii, mashine mbili za banda zenye chipu ndani yake, na mashine tatu za wateja zilizokuwa karakana. Kisha Ismaily akasema, na haki ya Mungu alisema kwa huzuni, kwamba mwenye leseni ndiye aliyeandikwa kwenye lebo, kwa hiyo itabidi mama aende nao.

"Nichukueni mimi!" Sadala akapiga kelele. "Yeye hakunakili hata moja!"

"Nawe unapanda, usihofu," askari mmoja akamjibu.

Mwamini akafunga khanga vizuri, akamwagiza mtu amwambie Nusaiba akitoka shule aende kwa bibi yake. Garini alikaa kando ya Huseni. Sadala alipotaka kukaa karibu naye, akaweka mkoba wake katikati.

Kesi ilisikilizwa Utete. Sadala alikiri kila kitu, hata habari ya barua, na hilo angalau lilimsaidia mkewe. Hakimu aliamuru sidii zote ziharibiwe, kompyuta na mashine zenye chipu zitaifishwe, Sadala alipe faini. Mwamini hakufungwa wala hakutozwa kitu, ila leseni yake ilifutwa, kwa kuwa mwenye banda anawajibika kwa kinachotoka bandani mwake. Huseni alionywa, akaachiwa aende zake bila mashine.

Walipotoka, Mwamini alimfuata Ismaily kwenye korido.

"Mwanangu, nina maswali matatu," akasema, na akayauliza yaleyale, kwa mpangilio uleule.

Ismaily alimsikiliza mpaka mwisho. "La kwanza, mama, unaruhusiwa. Leseni ulikuwa nayo, na gemu orijino ungechezesha mpaka uchoke. La tatu haliruhusiwi kabisa. Gemu ni kazi ya watu, kama kitabu. Kununua sidii moja hakukupi haki ya kuizaa elfu."

"Na la pili?"

"La pili lina pande mbili. Kutengeneza mashine iliyoharibika, kila fundi anaruhusiwa. Mtu kufungua mashine yake mwenyewe akaichokonoa nyumbani kwake, hata wanasheria wanabishana, na mimi nisingetoka Dar kwa ajili hiyo. Lakini kuuza chipu za kuvunja kufuli na kuzitia kwa malipo ili sidii za wizi zisomeke, hapo umeshaingia kwenye kosa." Akakunja karatasi zake. "Barua yako ningeijibu kwa ukurasa mmoja, mama. Ungebaki na banda lako."

Mwamini akakaa kwenye ngazi za mahakama. Alitaka kulia, hasira ikamzuia. Majibu aliyoyaogopa mumewe yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Banda, ndiyo. Ufundi, ndiyo. Kwa kuogopa hapana moja, Sadala alikuwa ameitupa mtoni riziki nzima ya nyumba yake.

Banda lile leo ni ghala la mnunuzi wa korosho. Televisheni ziliuzwa, jenereta ikauzwa. Nusaiba alikaa nyumbani muhula mzima kwa kukosa ada, na aliporudi shule alikuta wenzake wamempita katika hesabu, somo alilolipenda. Mwamini alipata kibarua cha kuandikia watu barua na fomu sokoni. Wenye mashine zilizotaifishwa walikuja mmoja mmoja kudai vyombo vyao, na Sadala, aliyekuwa na jibu la kila mtu, akawa anajificha karakana akisikia hodi.

Huseni peke yake hakuja. Hilo ndilo lililomsumbua Mwamini zaidi.

"Twende Salale," alimwambia mumewe.

"Tukamwambie nini?"

"Utakijua ukifika."

Walisafiri kwa boti kutoka Nyamisati, wakapita katikati ya mikoko. Huseni walimkuta gatini, akipanga kamba kwenye masanduku ya barafu. Nyuma yake kilikuwepo kibanda kipya cha makuti chenye televisheni iliyofunikwa kwa shuka. Vijana kadhaa walikuwa wamelala kivulini, hawana la kufanya.

Aliwakaribisha, akawapa viti na madafu. Sadala akaanza kueleza. Alieleza habari za chipu, za kufuli la kiwandani, za jinsi Kariakoo nzima wanavyouza. Alieleza mpaka Mwamini akamkata.

"Baba Nusaiba. Mwombe radhi."

Sadala akasema, "Kaka Huseni, nisamehe. Mke wangu alikuwa na wasiwasi, nami nilijua ana wasiwasi. Uliponiuliza, nikakuficha."

Huseni alikuwa akiyatazama maji. "Mashine inanunulika," akasema. "Kinachoniuma ni kingine. Nilikuuliza kama haina matatizo. Ungeniambia tu, fundi, kwamba hujui. Ningeamua mwenyewe."

Akarudi kwenye kamba zake, kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka. Sadala alibaki ameshika dafu lake mpaka boti lilipopiga honi ya kuondoka, na wala hakulinywa.

MAFUNZO

Msomaji, usiseme nimekusimulia habari ya chipu. Chipu ni kidude tu. Kilichoibomoa nyumba ile ni mtu mzima kutafuta wa kumkubalia huku akijidanganya kwamba ameuliza.

Wewe fundi, mikono yako ni neema, lakini haijui sheria. Mashine ukiinunua ni yako. Gemu iliyo ndani ya sidii ina mwenyewe aliyekesha akiitengeneza, nawe hujawa mwenyewe kwa sababu tu umeweza kuinakili. Mteja akikuuliza kama kuna hatari, mwambie unalolijua, na usilolijua mwambie hulijui. Fedha ni yake, shingo ni yake, na uamuzi ni wake. Wala usibandike jina la mkeo, la mama yako au la mtu yeyote kwenye kazi ambayo unaogopa kuiulizia.

Wewe mama mwenye leseni, ukiambiwa "wamesema", dai jina la aliyesema, na ukikosa jina, funga safari. Aibu ya kuonekana msumbufu itakwisha jioni hiyo hiyo. Jina likishaandikwa mahakamani halifutiki kwa sabuni.

Na ofisi zipo kwa ajili ya kuulizwa. Wakati mwingine zitakujibu hapana, nawe utanung'unika, utaacha, na utalala usingizi wako. Wakati mwingine zitakujibu ndiyo, tena kwa mambo mengi kuliko ulivyotegemea.

Mwisho nasema nawe, bwana mwenye banda la gemu pale Bungu, karibu na kituo cha mabasi, ambaye juzi uliniambia "mambo hayo yalikuwa ya Sadala". Nimeziona sidii zako. Nakujua, nawe unajua kwamba nakujua. Nenda kaulize leo, kabla gari halijasimama mlangoni kwako.